Cherehani ya Pili

Nyumba ya Mama Pindo haikujua kimya. Barazani mume wake alinyoa watu. Sebuleni yeye alishona nguo. Aliyekuja kunyolewa alichungulia ndani kusalimia. Aliyekuja kupimwa gauni alichelewa kuondoka, maana habari za mtaa zilikuwa hazijaisha. Ukitaka kujua nani kagombana na nani, hukuwa na haja ya kuuliza. Ulikaa tu pale, kichwa kikinyolewa, masikio yakishiba.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Hakuna aliyekunja pindo la nguo vizuri kama yeye.

Lakini wiki hiyo cherehani yake kuukuu ilikufa. Fundi wa cherehani aliifungua, akaitazama, akaifunga.

"Dada, hii izikwe," alisema.

Na mezani kulikuwa na vitambaa vya sare thelathini za shule. Sare zilitakiwa Jumatatu asubuhi. Mwalimu mkuu alishasema wazi: "Ukichelewa, kazi nampa fundi mwingine." Kazi ya shule ndiyo iliyolisha nyumba mwaka mzima. Basi Alhamisi Mama Pindo alichukua akiba yake yote, akaenda kununua cherehani mpya ya kukanyaga. Dukani waliahidi kuileta kesho yake.

Ijumaa saa nne asubuhi gari la mizigo likasimama mlangoni.

"Imekuja! Imekuja!" Wifi yake akapiga vigelegele.

Wifi huyu alikuwa dada wa kinyozi, na yeye pia fundi wa nguo. Ila cherehani yake iliharibiwa na mafuriko mwaka jana. Tangu hapo alibaki kushona vifungo na kukata nyuzi kwa Mama Pindo, miguu ikimwasha kwa hamu ya kukanyaga.

Watu wote walitoka kushusha mzigo. Mteja mmoja aliruka kutoka kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"Weka sahihi hapa, mama. Haraka, nina safari nyingine tatu," alisema dereva.

Mama Pindo akaweka sahihi bila kusoma. Gari likaondoka.

Ndani yakabaki maboksi manne. Cherehani moja ya kukanyaga huja na maboksi mawili. Boksi moja ni la kichwa. La pili ni la meza na kikanyagio. Mama Pindo akahesabu. Akahesabu tena. Vichwa viwili. Meza mbili.

"Jamani," alisema polepole, "mimi nilinunua moja."

Nyumba ikalipuka.

"Zali hilo!" alipiga kelele yule wa nusu kichwa.

"Wifi!" Wifi alimkumbatia nusura wadondoke. "Mungu kakuona wewe, akanikumbuka na mimi! Moja yako, moja yangu! Sare thelathini tunazimaliza kesho. Jumapili tunapiga pasi tu!"

Mama Pindo akapiga hesabu. Kwa cherehani moja, hata akijitahidi sana, angemaliza sare ishirini tu. Kwa mbili, kazi ya shule ingebaki mikononi mwake.

"Na duka je?" aliuliza.

"Duka kubwa lile! Cherehani zimejaa mpaka darini. Kwani umeiba? Wameleta wenyewe, wakakubembeleza mpaka ukaweka sahihi!"

Watu wakacheka. Kinyozi akajikuna shingo kwa kitana.

"Hapo dada yangu kasema," alisema. "Sisi tulikuwa tumekaa zetu nyumbani."

Wifi alishachukua mkasi. Alikuwa ameinama juu ya boksi la tatu, tayari kukata kamba. Ndipo jirani mmoja akaingia bila hodi, kama kawaida yake. Aliitwa Mama Stoo. Kabla ya kustaafu alitunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi kwa miaka thelathini.

"Mnacheka nini bila mimi?" aliuliza.

Watu watano walimweleza kwa pamoja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wifi, hebu weka mkasi chini."

"Kwa nini tena, Mama Stoo?"

"Boksi likifunguliwa, kitu hakiuziki tena kama kipya. Weka chini kwanza, maneno baadaye. Iko wapi hati ya mzigo?"

Mama Pindo akampa karatasi aliyoachiwa na dereva. Mama Stoo akavaa miwani.

"Soma na wewe, mwanangu. Cherehani moja, maboksi mawili. Na hii hapa ni sahihi yako. Siku nyingine uhesabu kwanza, ndipo usaini. Lakini kosa la leo ni la duka. Mpaka dakika hii hujafanya ubaya wowote."

"Umesikia, wifi?" alidakia Wifi. "Hatujafanya ubaya!"

"Nimesema mpaka dakika hii. Sasa mmeshajua. Mkinyamaza, kosa la duka linakuwa uongo wenu."

"Lakini, Mama Stoo, duka lile haliwezi kuumia kwa cherehani moja!"

"Duka haliumii. Duka ni kuta. Anayeumia ni mtu." Mama Stoo akavua miwani. "Dukani kuna siku ya kuhesabu mali. Ikipungua moja, hakuna anayesema, 'Labda tulikosea.' Wanauliza, 'Nani kaiba?' Mimi nililala mahabusu siku mbili kwa ajili ya madebe sita ya rangi. Hayakuibwa. Yalipelekwa kwa mteja kwa makosa. Mteja akaona bahati hiyo, akanyamaza, akapaka rangi nyumba yake. Nilipotoka mahabusu nilipita pale. Nyumba ilipendeza kweli."

Wifi alikaa chini, mkasi mapajani. "Mwaka mzima nimeomba," alisema kwa sauti ndogo. "Mwaka mzima."

Mama Pindo akachuchumaa mbele yake. "Najua, wifi yangu. Natamani kukupa hata sasa hivi. Lakini nitakupaje kitu kisicho changu?"

Wifi akamkabidhi mkasi.

"Haya, nimpigie nani?" Mama Pindo aliuliza. "Yule dereva?"

"Hapana," alisema Mama Stoo. "Piga namba iliyo kwenye risiti. Wasomee namba ya risiti yako. Wakija, wawe wametumwa na duka, wala usimpe mzigo mtu mwenye maneno matamu tu. Gari ni lao na mafuta ni yao, maana kosa ni lao. Na wakichukua, wakuandikie kwamba wamepokea."

Mama Pindo akapiga, sauti ya simu juu. Nyumba nzima ikasogea. Dada wa dukani akapokea.

"Nimeletewa cherehani mbili," alisema Mama Pindo, "na mimi nilinunua moja."

"Samahani, mama, umesemaje? Kichwa na meza yake?"

"Kichwa na meza. Maboksi mawili ya ziada. Hatujayafungua."

Wakasikia yowe.

"Jamaniii! Imeonekana! Iko kwa mteja! Mwambieni bosi akate simu, asiwaite polisi!"

Kule kukasikika vifijo. Huku nyumba ya Mama Pindo nayo ikashangilia, ingawa wengi hawakujua bado wanashangilia nini.

Baada ya saa moja gari lilirudi na wapakiaji wawili, mmoja mrefu, mmoja mfupi.

"Asubuhi hii wamehesabu mali, ikapungua moja," alieleza yule mrefu. "Mimi nilipakia mzigo wako kabla ya chai. Mwenzangu hakujua, akapakia tena baada ya chai. Bosi akasema mmoja wetu ni mwizi. Nikamwambia ni huyu."

"Na mimi nikasema ni yeye," alisema mfupi, "na baba yake pia."

"Baba yangu alikukosea nini?"

"Nilikuwa na hasira, ndugu yangu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wapakiaji wakacheka nao, wakapeana mikono. Mrefu akaandika kwenye hati kwamba wamepokea cherehani moja iliyozidi. Wote wawili wakatia sahihi.

Wifi alitazama maboksi mawili yakitoka mlangoni. Akashusha pumzi. Kisha akapiga makofi kwa nguvu.

"Haya! Mliokuja kutazama sinema, sinema imekwisha! Zimebaki sare thelathini, na kila moja ina vifungo sita. Sindano hizi hapa!"

"Mimi sijui kushona," alisema yule wa nusu kichwa.

"Kukata nyuzi unajua? Kaa hapo."

"Lakini kichwa changu..."

"Kichwa chako kitangoja, hakiendi popote!"

Kazi ikaanza. Mama Pindo alikanyaga mpaka miguu ikafa ganzi, akampisha wifi yake. Wifi alipochoka, akampisha yeye. Mmoja akishona, mwingine alikata vitambaa. Cherehani haikupoa. Mama Stoo alishona vifungo na kusimulia mambo ya watu wasiokuwepo. Jumamosi alasiri yule mpakiaji mrefu alikuja na mkewe.

"Mke wangu anajua kupiga pasi," alisema. "Na mimi najua kubeba."

Jumapili kabla ya magharibi, sare ya thelathini ilitundikwa kambani. Wifi alikimbia huku na huku akizihesabu kwa sauti, na watoto wa jirani wakamfuata wakihesabu naye.

Jumatatu asubuhi mwalimu mkuu alivuta mshono mmoja, akavuta wa pili. Haikuachia. Akauliza, "Za darasa la pili nazo mtaweza?"

"Tutaweza!" walijibu mawifi kwa pamoja, kabla hajamaliza kuuliza.

Sasa wanashona wawili na kugawana malipo. Wifi anaweka akiba yake kila wiki, na imeshavuka nusu ya bei ya cherehani.

Juzi mteja mmoja alikuwa kwenye kiti cha kinyozi. Akamtania Wifi kupitia dirishani.

"Wewe nawe! Mngenyamaza siku ile, leo ungekuwa na cherehani yako."

Wifi hakusimamisha mguu.

"Ningekuwa nayo, ndiyo," alisema. "Na kila mtu akibisha hodi hapo mlangoni, ningekimbilia chini ya kitanda. Hebu nitazame, ndugu yangu. Mwili wote huu, ningepita wapi?"