Mume Aliye Hai Mtandaoni

Walikutana asubuhi, watu wamejaa tele mbele ya lifti iliyogoma hospitalini. Mkunga, sare yake ya waridi imenyooshwa ikanyooka, alimkabili fundi aliyelowa grisi mpaka viwikoni.

"Lifti itapanda leo, au wazazi wangu wajifungulie kwenye ngazi?"

"Kwa ajili yako, bibie, nitaibeba mgongoni."

Akacheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu afiwe na mumewe.

Mapenzi yakanoga. Posa ikapelekwa kwa mama yake mkubwa, ikapokelewa. Jioni moja, sebuleni kwa mkunga, fundi akaketi na simu kuomba kibali cha ndoa kwenye tovuti ya serikali.

"Siku hizi hakuna foleni, mpenzi. Kufumba na kufumbua!"

Kweli, jibu lilikuja kabla chai haijapoa: *Ombi limekataliwa. Mwanamke ana mume aliye hai.*

Fundi aliondoka bila kuaga. Kesho yake akapiga simu.

"Ulisema umefiwa."

"Nimefiwa, laazizi. Nilimzika."

"Mbona serikali inamjua yu hai?"

Kazini mkunga aliandikisha watoto wachanga kwenye mtandao huohuo, vidole vikikimbia. Lakini kila alipofungua ukurasa wa mumewe, ile picha ya kitambulisho ilimkodolea macho, kavaa shati alilompigia pasi yeye mwenyewe, na chini yake kitufe: *Thibitisha kifo.* Kila mara aliufunga bila kukibonyeza. Simu ya marehemu aliendelea kuichaji, na ujumbe wa serikali uliendelea kuingia: *Leseni yako inakaribia kwisha. Tafadhali hakiki makazi yako.* Kila ilipolia kabatini, moyo ulimruka: huyo!

"Njoo," alisema hatimaye. "Peke yangu siwezi."

Fundi alikuja na ovaroli lake la kazi. Akaketi kando yake, asiiguse simu.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Akamsimulia: ubishi wake wa mpira, alivyokoroma, alivyoimba vibaya bafuni bila haya. Kisha akafumba macho, akabonyeza.

*Imekamilika. Pole kwa msiba.* Papo hapo, kama mtu aliyekuwa akisubiri mlangoni.

Akaangua kilio ambacho makaburini hakikumtoka. Fundi akamkumbatia mpaka kikapungua.

"Ndoa nitaiomba tena," akanong'ona, "ukiniruhusu."

"Ruhusa unayo, mpenzi. Ila si leo." Akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Leo nimefiwa."