Kiganja Kilichotulia

Kila asubuhi muuguzi alinawa mikono hadi kwenye viwiko. Kisha aliingia wodi ya watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao. Humo ndani mlikuwa na joto kama chini ya blanketi. Mwanga ulikuwa hafifu. Mashine zilinong'ona, na watoto walilala katika masanduku yao ya kioo kana kwamba bado wanaelea tumboni.

Wenzake walimwita Upepo. Sindano, mpira wa kulishia maziwa, nepi: kufumba na kufumbua amemaliza, yuko kwa mwingine.

Mtoto mmoja tu alimshinda. Alikuwa binti wa wiki tatu, mwepesi kama kifaranga. Alizaliwa pacha, na mwenzake alifariki siku ya tatu. Kila mkono ulipoingia kwenye sanduku lake, binti huyu alirusha mikono na kukunja uso. Namba ya oksijeni ilishuka, na mashine ikalia.

Upepo alimbembeleza. Alimpapasa mgongoni kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha. Namba ikazidi kushuka.

Mama wa mtoto aliketi kando, mikono kaificha kwapani.

"Mguse kidogo, mama," Upepo alimwambia.

"Hapana, sista. Mwenzake nilimgusa asubuhi, mchana akaondoka. Mikono hii siiamini tena."

Upepo alikwenda kunawa, ingawa mikono yake ilikuwa safi.

Wiki hiyo alikuja mkufunzi, mkunga wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliwakalisha wauguzi wawili wawili.

"Mpapase mwenzako mkononi kwa ncha za vidole," alisema. "Polepole."

"We! Unanitekenya!" mmoja alipiga kelele.

"Acha bwana, vinyweleo vimenisimama!"

Wote walicheka. Mkufunzi alisubiri kicheko kiishe.

"Sasa weka kiganja chote. Usikisogeze. Tulia."

Chumba kikawa kimya. Mvua ilisikika dirishani. Muuguzi mmoja akapiga mwayo mrefu.

"Mmeona?" mkufunzi alisema. "Ngozi ya njiti ni nyembamba, na mwili wake bado mchanga. Ukimpapasa juu juu unamsumbua. Kiganja kilichotulia kinamkumbusha alikotoka. Kule alishikwa pande zote."

Upepo alitazama vidole vyake. "Kumbe siku zote hizi namtekenya mtoto wa watu?"

"Ulikuwa na huruma, mwanangu. Mkono tu ndio haukujua."

"Lakini mwalimu, kazi ni nyingi! Watoto kumi na wanne!"

"Dakika chache tu. Hebu niambie, ukishamchoma mtoto sindano, unarudi kwake lini bila sindano?"

Upepo alikumbuka kila mara alipomgusa yule binti. Karibu kila mara, mkono wake ulikuja na maumivu.

Mkufunzi aliwaonyesha kwa mwanasesere. Nawa mikono, uipashe joto. Sema naye kwanza. Kiganja kimoja kichwani, kingine kwenye nyayo, miguu ikunjwe kidogo. Kisha tazama. Akitanua vidole au akikunja uso, usisogee, mpe nafasi atulie. Asipotulia, au rangi yake ikibadilika, toa mikono polepole, umwache apumzike.

"Na kumkanda?" mmoja aliuliza.

"Kukanda kunangoja hali yake iwe imara, na daktari akubali. Hata hapo, tumia kiganja chenye uzito kidogo. Vidole vya kutekenya, hapana."

Kesho yake Upepo alivuta kiti, akakaa karibu na yule mama. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa wodini.

"Mama, siku ile ulipomgusa mwenzake, alishtuka?"

Mama alifikiri. "Hapana. Alilala."

"Ulimgusaje?"

"Nilimfunika tu kwa kiganja. Niliogopa kumsogeza."

Upepo alimwinamia. "Sisi tumefundishwa hivyo jana tu. Mapafu yake yalikuwa hayajakomaa, mama. Hayo ndiyo yaliyomchukua. Mkono wako ulimtuliza."

Mama alilia bila sauti, kwa muda mrefu. Kisha akainuka mwenyewe, akaenda kunawa.

"Mama'ko huyu hapa," alinong'ona, akaweka viganja vyake.

Binti akarusha mkono. Namba ikashuka: themanini na tisa. Mama akataka kujitoa.

"Tulia hapo hapo," Upepo alisema. "Mpe nafasi."

Tisini. Tisini na mbili. Tisini na nne. Vidole vidogo vikajikunja. Mtoto akashusha pumzi, akalala. Mama naye akafumba macho, na kwa kitambo wote wawili walionekana wanaota ndoto moja.

Tangu hapo, kabla na baada ya kila sindano, Upepo aliweka kiganja akasimama. "Upepo umetulia leo," wenzake walimtania. Mashine zikapunguza kulia. Binti alianza kunyonya, kisha, daktari alipokubali, akakandwa kila siku na mama yake, akaongezeka uzito.

Siku ya kurudi nyumbani, mama alimfunga mtoto kifuani. Alifika mlangoni, akarudi hadi dirishani. Pale palikuwa na sanduku tupu, lile alilolalia pacha aliyefariki. Akaweka kiganja chote juu ya kioo chake. Hakukisogeza.

Upepo alikuwa na kazi nyingi asubuhi hiyo. Alisimama kando yake, akangoja.