Bibi Harusi Anakunywa Kama Paka

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Mama Pacha alivaa mabuti yake ya mpira, akachukua ndoo, akaenda kugombana na ng'ombe.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani alikwenda kukamua tu. Ng'ombe mwenyewe aliitwa Bibi Harusi kwa sababu ya mwendo wake: hatua moja, anasimama, anawatazama watu, hatua nyingine. Mama yake alikufa akimzaa, na Mama Pacha akamlea kwa chupa, wakati uleule alipokuwa akinyonyesha pacha wake. Alipenda kusema kwamba amezaa mara moja lakini ana watoto watatu, na huyu wa tatu ndiye pekee anayemaliza chakula bila kulalamika. Maziwa yake yalikuwa ya ajabu. Majirani walisema ukikohoa karibu na kiwele chake, ndoo inajaa.

Kisha mumewe akajenga banda jipya.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na aliyeanza kumwita hivyo ni yeye mwenyewe. Kwake hakuna kitu duniani kisichofaa kutengenezwa kwa chuma. Viti vya nyumbani vilikuwa vya chuma. Kitanda kilikuwa cha chuma. Inasemekana mkewe alipomwomba maua, alimchomelea.

Basi na banda likawa la chuma. Nguzo, uzio na hori la maji, vyote vilichomelewa vikashikana kama kitu kimoja. Sakafu ilikuwa ya saruji, na muda wote ilikuwa na maji. Juu ya hayo Fundi akaweka pampu ya umeme. Ukibonyeza swichi, maji yanapanda yenyewe mpaka horini. Waya alivuta mwenyewe. Mkewe alimshauri aite fundi umeme. Fundi akajibu kwamba yeye na umeme wamefahamiana tangu ujana, na mtu mzima haiti jirani aje kumlisha tonge.

Haukupita muda, Bibi Harusi akaanza vituko. Akifika mlangoni mwa banda anagoma. Akivutwa anarudi nyuma. Akiingizwa kwa nguvu, miguu ya nyuma inapokezana kama ya mtu aliyekanyaga makaa. Maziwa yakapungua. Asubuhi moja akapiga teke, ndoo ikaruka juu ya paa, na wapo wanaoapa kwamba kunguru waliipisha njia.

Mama Pacha alichoka. Alibembeleza, hakusikilizwa. Alitukana, hakusikilizwa. Mwisho alikwenda jikoni akachukua mwiko mkubwa wa mti, akawa anamchapa nao mapajani. Kadiri alivyochapa ndivyo maziwa yalivyozidi kupungua.

"Anafanya makusudi," alimwambia mumewe. "Huyu ananijua, nami namjua. Hiki ni kiburi."

Fundi alikuwa na dawa yake. Alisema ng'ombe asiyetoa maziwa ni nyama inayotembea. Alikuwa amekwisha kusema na Mchinjaji, jirani yao mwenye bucha, na Mchinjaji angekuja Jumamosi na kamba.

Mama Pacha alitoka nje, akageuza ndoo, akaikalia. Alimwona Bibi Harusi amesimama uani, anacheua taratibu, anamtazama kwa yale macho aliyokuwa akimtazama nayo enzi za chupa. Mtoto gani huyu, aliwaza. Anakuudhi mpaka unatamani umtupe, na akitaka kuchukuliwa unahisi roho inakutoka wewe.

Ndipo akafanya jambo aliloapa kutolifanya maishani. Akampigia simu wifi yake.

Wifi huyo, dada mkubwa wa Fundi, alikuwa daktari wa mifugo. Kazi yake aliijua vizuri. Tatizo lilikuwa mdomo, na ile tabia yake ya kufunua masufuria ya watu kabla ya kusalimia.

Alifika kesho yake. Alifunua sufuria, akafunika, akaenda uani. Hakumgusa ng'ombe. Alimtaka Mama Pacha amwingize bandani kama kila siku, na mwiko auache ukutani. Kwa kuvuta na kusukuma, Bibi Harusi aliingia. Wifi akasimama kando, mikono nyuma, akatazama. Akatazama miguu. Akatazama masikio. Akatazama mpaka Mama Pacha akaishiwa uvumilivu.

"Wifi, nimekuita umtibu. Sikukuita uje kumposa."

"Hata anayeposa huanza kwa kutazama," Wifi alisema. "Angeanza kwa mwiko angepata mke wapi?"

Wakati huo nzi akatua ubavuni mwa Bibi Harusi. Ngozi ikacheza palepale alipotua, pahali padogo kama kifungo cha shati. Nzi akaruka.

"Umeona hiyo?" Wifi aliuliza.

"Nzi? Nimewaona maisha yangu yote."

"Ngozi inayosikia mguu wa nzi, wifi yangu, wewe unaiongelesha kwa mwiko."

Mama Pacha aliutazama mwiko pale ukutani, kisha akatazama pengine.

Wifi akaeleza. Chini ya ngozi, alisema, kumejaa ncha za neva, ndizo mishipa ya fahamu. Neva zimetengenezwa kwa seli ndefu na nyembamba mno. Seli moja yaweza kuanzia karibu na uti wa mgongo, na mkia wake ukafika chini kwatoni. Kitu kikigusa ngozi, ujumbe hupita ndani ya seli hiyo kwa umeme mdogo sana, umeme wa mwili wenyewe. Ukifika mwisho wa seli hukuta kipengo. Pale seli humwaga kemikali kidogo, seli ya pili huipokea, na safari inaendelea mpaka kwenye ubongo.

"Ni kama wewe na jirani yako mnavyopitishiana habari juu ya ukuta," alisema. "Hamgusani, lakini habari inafika mwisho wa mtaa."

"Mwisho wa mtaa inafikishwa na mawifi," Mama Pacha alijibu.

Wifi alicheka, akaendelea. Macho, masikio, pua, ulimi na ngozi ni milango ya mwili. Kila mlango unapokea kitu chake: mwanga, sauti, harufu, ladha, mguso. Kila mlango unakigeuza kitu hicho kuwa ujumbe wa neva. Ng'ombe anayo milango hiyo kama sisi, ila hailingani na yetu. Macho yake yako pembeni, kwa hiyo anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa. Masikio yake yanasikia sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii. Pua yake inanusa mbali kuliko yetu.

"Sawa," alisema Mama Pacha. "Ana milango. Na teke je? Hilo si kiburi?"

"Umewahi kushika sufuria ya moto?"

"Kila siku. Nimeolewa na kaka yako, vishikio vyake vyote ni vya chuma."

"Ukishika, unafikiri kwanza ndipo uondoe mkono?"

Mama Pacha alikiri kwamba mkono hujiondoa wenyewe, na maumivu huja nyuma yake.

"Basi. Ujumbe wa maumivu ukifika kwenye uti wa mgongo, amri ya kuondoa mkono hutoka hapohapo. Haisubiri ubongo. Huyu naye kuna kitu kinamuumiza miguuni, na mguu unaruka kabla mwenyewe hajajua. Kiburi kinahitaji kufikiri kwanza."

Hapo Bibi Harusi akasogea horini. Alikuwa na kiu. Alishusha kichwa, akasita, akatoa ulimi, akalamba maji kidogo na kuurudisha haraka. Akalamba tena. Miguu ya nyuma ikaanza kupokezana.

Wifi alikunja uso. "Tangu lini anakunywa kama paka?"

Mama Pacha alifikiri. Ndiyo, ng'ombe huzamisha mdomo wote na kuvuta maji. Bibi Harusi akipewa ndoo uani hunywa hivyo, mpaka ndoo inalia. Kulamba alianza humu bandani. Yeye alidhani ni maringo ya jina.

"Na hori hili liliwekwa na nani?"

"Unauliza hilo nawe?"

Wifi aliziona nguzo, akauona waya wa pampu ulivyopita kwenye tundu la bomba la chuma, ukikwaruzana na ukingo wake. Sauti yake ikabadilika. Alimwamuru Mama Pacha asiguse chuma chochote. Mama Pacha, ambaye amri za wifi zilimchosha kuliko ng'ombe, alisema yeye hushika hori hilo kila siku na hajawahi kuhisi kitu. Kama kuna jambo, angevua buti sasa hivi ajaribu. Akainama kulivua.

"Usithubutu."

Wifi hakupaza sauti, lakini Mama Pacha aliganda, buti nusu mguuni.

"Hilo buti la mpira ndilo limekulinda. Nenda nyumbani, ukazime swichi kuu. Ile kubwa, ya nyumba nzima."

Mama Pacha alikwenda, akaizima, akarudi. Wakasimama mlangoni. Bibi Harusi alikuwa bado horini. Alilamba mara moja, akasita. Alilamba tena, akasita zaidi, kama mtu anayesubiri kutukanwa. Miguu ikatulia. Akashusha mdomo, akauzamisha mpaka karibu na pua, akanywa. Alikunywa, akanywa, akanywa. Mama Pacha husema mpaka leo kwamba bomba la mtaa wa pili lilikauka.

Wakati huo Fundi akaja mbio kutoka karakanani, analalamika. Nani kazima umeme? Mashine yake imekata katikati ya geti la mtu.

"Mdogo wangu," alisema dada yake, "waya wa usalama wa pampu, ule wa kwenda ardhini, uliufunga wapi?"

Fundi alionyesha nguzo, kwa fahari. Aliubana kwenye chuma, kama anavyobana kibanio cha mashine yake karakanani anapochomelea. Chuma ni chuma.

Dada yake alifumba macho kidogo. Akamweleza kwamba waya umechubuka na umeme unavuja kwenye chuma. Nguzo imesimama ndani ya saruji, haiufikishi ardhini ipasavyo. Kwa hiyo umeme unatembea banda zima, na ng'ombe akigusa maji kwa mdomo, miguu minne ikiwa mitupu kwenye sakafu yenye maji, unapita ndani yake.

"Neva zake zinazungumza kwa umeme mdogo," alisema. "Wewe umemletea umeme mwingine, unampigia kelele ndani ya mwili. Hajui ni nini. Anajua tu kwamba banda linauma."

"Mbona mimi nashika hapo na sijafa?"

"Umevaa nini miguuni?"

Fundi aliyatazama mabuti yake ya kazi, soli nene kama mkate.

"Leo unavuja kidogo," dada yake alisema. "Waya ukizidi kuchubuka, na pacha wakaingia pekupeku kuchezea maji?"

Fundi alikaa chini. Alikaa juu ya ndoo ya mkewe, naye mkewe hakumwondoa, ingawa alikuwa na maneno ya kutosha kujaza ndoo hiyo. Aliyasema machache tu. Alisema alimwambia aite fundi umeme. Alisema alimwambia tena. Kisha akaingia ndani na kuipiga simu hiyo mwenyewe.

Fundi umeme mwenye leseni alikuja siku iliyofuata, akapima kwa mita yake, akatikisa kichwa. Alibadilisha waya, akaupitisha ndani ya bomba la plastiki. Waya wa usalama aliuunganisha na fimbo iliyozikwa ardhini. Akafunga na kifaa kinachokata umeme chenyewe ukianza kuvuja. Fundi alisimama pembeni, akimshikia bisibisi.

Kabla ya kuondoka, Wifi aliwaachia maneno ya mwisho. Chuchu nazo zimejaa neva, alisema. Ndama akinyonya, au mkono laini ukikamua, ujumbe hupanda kwenye ubongo. Ubongo huachia homoni kwenye damu, homoni ikifika kwenye kiwele, maziwa hushuka. Lakini ng'ombe akiwa na hofu au maumivu, mwili wake hutoa homoni nyingine inayofunga njia hiyo. Maziwa yapo, hayashuki.

"Kwa hiyo kila nilipomchapa," Mama Pacha alisema polepole.

"Ulikuwa unafunga bomba, kisha unalipiga kwa nini halitoi maji."

Aliwaonya wasitegemee miujiza. Neva zikitulia leo, ubongo bado unakumbuka jana. Waende naye taratibu, wamshike ubavuni kabla ya kwenda nyuma asikoona, wasipige kelele.

Siku ya kwanza maziwa hayakufunika hata chini ya ndoo vizuri. Fundi alifungua mdomo. Mkewe alimtazama, naye akaufunga.

Jumamosi asubuhi Mama Pacha alikuwa bandani, amekaa kwenye kigoda, paji la uso limeegemea ubavu wa Bibi Harusi. Ng'ombe alikuwa ameingia mwenyewe, kwa ule mwendo wake: hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Ndoo ilikuwa inaanza kuimba. Mara masikio ya Bibi Harusi yakasimama, yote mawili yakielekea mlangoni, na ndoo ikanyamaza.

Mama Pacha hakusikia kitu wala hakuona kitu. Alisubiri. Baada ya muda Mchinjaji akatokea mlangoni na kamba begani, akitabasamu, akiuliza yuko wapi yule mkorofi.

"Shemeji, rudi nyuma," Mama Pacha alisema kwa upole. "Hapana, zaidi. Mpaka kule getini."

"Kwani nimefanya nini?"

"Unanuka damu ya kazini kwako. Unanifungia maziwa."

Mchinjaji alijinusa kwapa, hakuelewa, akarudi nyuma mpaka getini. Fundi alimfuata huko kumweleza kwamba biashara hakuna, na alichukua muda mrefu kueleza, maana ilimbidi apite kwenye habari za waya.

Bandani masikio yalilegea. Nzi akatua ubavuni mwa Bibi Harusi, ngozi ikacheza. Mama Pacha alimfukuza kwa kiganja. Ndoo ikaanza tena kuimba, na mwiko ulikuwa jikoni, umesimama ndani ya sufuria ya uji wa pacha.