Soli na Barua ya Kuacha Kazi

Soli alikuwa ameshaipita kona ya duka la mkaa, begi begani, aliposikia kandambili za mkewe zikipiga nyuma yake. Hakugeuka. Kandambili zikipiga vile, hazikuja kumtakia safari njema.

Hii ilikuwa safari ya tatu tangu aache kufanya kazi. Ya kwanza alikwenda machimboni, akarudi na kikohozi. Ya pili alikwenda kwenye mashamba makubwa, akakuta wanaotafuta kazi ni wengi kuliko mimea. Nyumbani nako hakutulia. Akikaa, anasimama. Akisimama, anachungulia dirishani. Mkewe alisema mumewe ana upupu kwenye nyayo.

Kwa miaka kumi na tisa alibana soli katika kiwanda cha viatu, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Soli. Kisha biashara ikalegea nchi nzima. Watu wakashona viatu vikuukuu badala ya kununua vipya. Masanduku yakajaa ghalani mpaka mlango ukagoma kufunga. Siku moja Soli akarudi mapema, akasema, "Wametupunguza wote." Mkewe akamwamini.

"Baba watoto, simama," mkewe alisema sasa.

Akasimama. Mke alikuwa na karatasi iliyolowa.

"Nimeikuta kwenye ovaroli lako. Nimeliloweka lote bila kujua. Lakini bado inasomeka."

Soli aliitambua. Ilikuwa nakala ya barua yake mwenyewe.

"Nisomee," mke akasema. "Mimi nimeisoma mara mbili, labda macho yangu yana kasoro."

Hakuisoma. Aliijua kwa moyo. Ilisema kwamba yeye, fundi wa mashine ya tatu, anaacha kazi kwa hiari yake.

Pale kiwandani mafundi wa zamani walikuwa na desturi yao. Fununu za kupunguza watu zikianza, fundi mwenye jina huwahi kuandika barua. Aondoke kwa miguu yake, asiondolewe. Soli alisikia fununu asubuhi. Kufika mchana, barua yake ilikuwa juu ya meza ya meneja.

"Leo nimekutana na mwenzako wa mashine ya pili," mke akaendelea. "Amevaa ovaroli, anaingia getini. Anasema hakupunguzwa mtu hata mmoja. Aliyetoka ni wewe peke yako."

Soli alilijua hilo mwezi mzima. Kila king'ora cha kiwanda kilipolia, miguu yake ilitaka kwenda mahali popote ambako hakisikiki.

"Niliona aibu," alisema.

"Na mimi uliyenidanganya, uliniona nani? Mteja?"

Ng'ambo ya barabara lori lilikuwa linapakia magunia. Dereva alikuwa amemwahidi Soli nafasi mpaka mji wa mbali, ambako ilisemekana wanajenga bandari. Ilisemwa na nani, Soli hakukumbuka.

Wakati huo akapita jirani yao, karani wa ofisi ya ajira, mfuko wa chakula cha mchana mkononi. Mtaani walimwita Bi Karani. Alitazama begi, akatazama karatasi, akaelewa kabla hajaambiwa. Akaketi kwenye benchi la duka la mkaa, akawaonyesha nao waketi.

Soli alitaka kujua jambo moja lililokuwa likimkereketa. Kiwanda kisichouza viatu kimewezaje kubaki na watu wote?

Bi Karani alimweleza taratibu. Serikali ilikuwa na sera ya ajira, na ndani yake mlikuwa na mipango ya nyakati ngumu. Mwajiri hakuruhusiwa kupunguza watu kabla ya kukaa mezani na wafanyakazi. Mara nyingi walikubaliana kupunguza saa, si watu. Fundi alifanya kazi siku tatu, siku mbili akaenda darasani kujifunza mashine mpya. Sehemu ya mshahara iliyopungua ilijaziwa na mfuko wa serikali.

"Na serikali inajisumbua ya nini?" Soli akauliza.

Bi Karani akamwelekezea kidole muuza mkaa. "Mafundi mia mbili wakitolewa leo, huyu kesho atamwuzia nani? Akifunga duka, naye anakuja kwenye foleni yangu. Nami foleni yangu inanitosha."

Muuza mkaa akaitikia kwamba hata sasa hali yake si ya kuonewa wivu.

"Basi niandike na mimi nilipunguzwa," Soli akasema.

"Hapo utakuwa umedanganya ofisi baada ya kumdanganya mkeo. Sikuandiki."

Kisha akamwuliza fomu ya watafuta kazi aliyompa mwezi uliopita iko wapi. Soli aliitoa begini, imekunjwa mara nne. Alikuwa amejaza jina, umri na kazi. Alipofika kwenye swali "Uliachaje kazi?" kalamu ilikuwa imesimama.

"Kaka, orodha ya kupimwa ujuzi inafungwa leo saa kumi," Bi Karani akasema. "Aliyeacha mwenyewe hapati posho ya waliopunguzwa. Hiyo umeipoteza. Lakini kupimwa, kupewa cheti na kutafutiwa mahali pa kazi ni haki ya kila asiye na kazi. Masharti ni mawili. Useme kweli, na ukipigiwa simu upatikane. Tukiambiwa uko machimboni, nafasi anapewa mwingine."

Lori likapiga honi. Soli akainuka. Alisimama hivyo kitambo, begi likining'inia, mguu mmoja ukitazama lori. Mkewe hakumshika. Alimnyooshea kalamu ya Bi Karani, basi.

Soli akaiweka fomu juu ya gunia la mkaa, akaandika: "Niliacha mwenyewe kwa kuogopa fununu." Honi ikalia tena, kisha lori likaondoka.

Foleni ya ofisi ilimtoa jasho kuliko mashine. Saa tisa na nusu fomu yake, yenye alama ya mkaa pembeni, ikagongwa muhuri.

Baada ya wiki tatu alipimwa katika chuo cha ufundi. Mpimaji alimpa kiatu, akamwuliza kina shida gani. Soli akakikunja, akakinusa.

"Gundi ilibanwa ikiwa mbichi," alisema. "Mvua ya kwanza, kiatu hiki kitacheka."

Mpimaji akaandika kwa muda mrefu.

Soli alipata cheti cha ufundi, cha kwanza maishani mwake. Ofisi ilimpeleka kwenye karakana ya viatu vya shule. Miezi sita ya kwanza serikali ilichangia mshahara wake, kisha mwenye karakana akamwajiri. Analipwa pungufu kuliko zamani. Mafundi wawili wa kiwandani waliokuwa wameshaandika barua zao walizichana baada ya kuzungumza naye. Fundi wa mashine ya pili sasa anaendesha mashine mpya ya kukatia ngozi. Kiwanda kinafanya kazi siku nne kwa wiki. Muuza mkaa hajafunga. Bandari haijajengwa. Mke wa Soli aliianika ile barua, akaiweka kabatini, na mumewe hajamwomba aitupe. Begi la safari linahifadhi vitunguu.