Chingamu Ndani ya Kabureta

Kila asubuhi ya likizo Spana alikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kuanika nguo, na kumvua Mstaafu turubai lake. Mstaafu hakuwa mtu. Lilikuwa gari la marehemu babu yake, la rangi ya krimu iliyopauka, lenye taa mbili za mviringo zilizolifanya lionekane kama limeshtuliwa na jambo. Lilikuwa limekaa uani miaka kumi na moja bila kwenda popote, ndiyo maana likapewa jina hilo.

Spana mwenyewe alipewa lake kwa sababu baba yake alipolala chini ya gari na kunyoosha mkono kuomba spana, ni yeye aliyempa. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na namba za spana alizijua vizuri kuliko jedwali la kuzidisha.

Baba yake alikuwa fundi cherehani. "Injini ni injini," alipenda kusema. "Anayeelewa cherehani anaelewa gari." Mama hakuwahi kumpinga. Alikohoa kidogo tu, akaenda zake jikoni.

Wiki hiyo ilikuwa ya haraka. Ijumaa saa kumi jioni, Bibi, mama yake Baba, angestaafu baada ya kufanya kazi ya ukunga katika zahanati kwa miaka thelathini na minne. Enzi za Babu, gari hilo ndilo lililompeleka kwa akina mama walioshikwa na uchungu.

"Siku ya mwisho nitarudi nyumbani kwa gari la mume wangu," alisema Bibi. "Lisipowaka, nitakaa kwenye benchi la zahanati mpaka liwake."

Na Bibi hakuwa mtu wa mzaha.

Basi Jumanne Baba akafungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Alisafisha kila kipande, akavipanga vyote juu ya gazeti. Kimoja kilimvutia sana Spana: kijikopo cha shaba, chepesi, kilichozibwa pande zote, kikubwa kama yai.

"Hilo ni boya," Baba alimweleza. "Linaelea ndani ya bakuli la kabureta. Petroli ikijaa, boya linapanda na kuziba njia. Petroli ikipungua, linashuka na njia inafunguka. Usilichezee."

"Sawa, Baba."

Mara mteja akabisha hodi, suruali yake mkononi, akilalamika kuwa mguu mmoja umekuwa mfupi. Baba akaenda kumsikiliza. Spana akabaki na boya.

Hakukusudia kulichezea. Alitaka kuhakikisha tu kwamba kweli linaelea. Akalitia kwenye beseni la nguo. Likaelea. Akalizamisha, likaibuka. Akalizamisha tena mpaka chini kabisa, na safari hii sabuni ikafanya kazi yake: boya likamponyoka, likaruka nje ya beseni, likaanguka kwenye sakafu ya saruji. Ti!

Alipoliokota, aliona ufa mwembamba kama unywele pale pande mbili zilipounganishwa. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mdomoni alikuwa na chingamu ya stroberi. Akaitoa, akaibandika juu ya ufa, akaisawazisha kwa ukucha, akalirudisha boya kwenye gazeti, upande wenye chingamu ukiwa chini.

"Kila kitu kipo?" Baba aliuliza aliporudi.

"Kipo, Baba."

Si uongo, Spana alijiambia. Kila kitu kilikuwepo. Tena na nyongeza.

Jumatano asubuhi Mjomba, kaka yake Mama, alifunga kibanda chake cha kinyozi ili aje kushuhudia. Baba akafunga kabureta mahali pake, akaketi kwenye usukani, akawasha. Mstaafu akakoroma, akatetemeka, kisha injini ikanguruma! Mama akapiga vigelegele. Mjomba akacheza na kuku.

Baada ya dakika chache Mstaafu akaanza kukohoa. Petroli ikadondoka chini ya boneti, na bomba la nyuma likatoa moshi mweusi uliopanda taratibu, ukavuka ukuta, ukatua kwenye mashuka meupe ya jirani. Kisha injini ikazima, pwa!

Jirani huyo, fundi redio, akatokea langoni ameshika shuka lenye madoadoa. "Jamani, mimi nimewakosea nini?"

Baada ya kumwomba radhi, Baba na Mjomba waliinamia injini.

"Shemeji, hizo ni plagi," alisema Mjomba, kwa sauti ya mtu aliyewahi kusoma gazeti lenye picha za magari.

Walizifungua plagi, zile zinazotoa cheche za kuwasha petroli, wakazikuta zimelowa. Wakazikausha, wakazirudisha. Mstaafu akawaka, akakohoa, akazima. Wakabadilisha nyaya. Akawaka, akakohoa, akazima. Alhamisi Mjomba akaamua kwamba tatizo ni bomba la moshi, akaingiza mti wa ufagio ndani yake. Ukakwama. Ikawachukua nusu saa kuutoa, Baba akivuta ufagio na Mama akimvuta Baba.

"Labda tuitazame kabureta," alipendekeza Mama huku akihema.

"Kabureta?" Baba alitikisa kichwa. "Hiyo aliisimamia Spana. Haina shaka hata kidogo."

Maneno hayo yalimchoma Spana kuliko kofi. Afadhali Baba angemshuku. Alijibanza nyuma ya tangi la maji, akatamani liwe na mlango aingie humo.

Saa tisa alasiri Baba alinawa mikono, akavaa shati safi. Uso wake ulikuwa umenywea. "Naenda zahanati," alisema. "Afadhali nimwambie mama yangu leo kuliko kesho mbele ya wenzake."

Alikuwa amefika langoni Spana alipomkimbilia na kumshika shati.

"Baba, usiende. Boya lina chingamu."

"Lina nini?"

"Chingamu. Nililiangusha likapasuka, nikaziba. Ilikuwa ya stroberi."

Baba akaketi juu ya tairi kuukuu.

"Stroberi?" aliuliza Mjomba, kana kwamba ladha ndiyo iliyokuwa na shida.

Baba hakugomba. Alivua shati safi, akafungua kabureta. Boya lilikuwa limezama kama jiwe, limejaa petroli nusu, na chingamu imekuwa uji wa waridi. Kumbe ndiyo maana: boya lililozama haliwezi kupanda kuziba njia, kwa hiyo petroli ilimiminika bila kikomo mpaka injini ikalewa. Mjomba alicheka hadi akashika mbavu. Spana hakucheka.

"Lichukue boya," Baba alimwambia. "Sasa twende kwa fundi redio. Wewe ndiye utakayeeleza."

Fundi redio aliwapokea kwa jicho la wasiwasi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mmekuja na moshi mwingine?"

Spana akaeleza yote. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono apewe boya. Alimwaga petroli yote nje, mbali na moto wowote, akaliacha likauke kwa muda mrefu. Halafu akalizamisha kwenye bakuli la maji ya moto. Viputo vidogo vikatoka mahali pawili.

"Unaona? Nyufa ni mbili," alisema. "Wewe uliziba mmoja." Alipoona halina tena hata harufu ya petroli, akaziba nyufa kwa risasi iliyoyeyushwa, ile ya kuungia nyaya za redio, kidogo kidogo. "Ikizidi, boya litakuwa zito. Haya, na yale mashuka je?"

"Nitayafua mimi, Fundi. Yote."

"Yapo sita," alisema mzee huyo kwa furaha.

Ijumaa saa kumi kamili Mstaafu alisimama mbele ya zahanati, injini ikinguruma bila hata kikohozi kimoja. Wauguzi walipiga makofi. Bibi alipanda mbele kwa madaha, begi lake mapajani, akawapungia mkono kama rais. Nyuma waliketi Spana, Mama na Mjomba.

Walipopita soko, Spana alimweleza Bibi habari nzima ya boya. Bibi alisikiliza bila kumkatiza. Kumbe Mjomba naye alikuwa anasikiliza, na kadiri hadithi ilivyoendelea, ndivyo alivyozidi kujikunyata kwenye kiti.

"Shemeji," alisema hatimaye kwa sauti ndogo. "Unaweza kusimama kidogo?"

"Kuna nini?"

"Jana nilipokuwa nakagua, nililegeza nati za gurudumu la nyuma. Sina hakika kama nilizikaza."

Baba alikanyaga breki taratibu mno, kama aliyebeba mayai. Wote wakashuka. Nati tatu zilizunguka kwa vidole. Baba akanyoosha mkono, Spana akampa spana, nati zikakazwa. Yote hayo hayakuzidi dakika tano.

Bibi alikuwa amesimama kando ya barabara, mikono kiunoni.

"Niliwafundisha kazi wakunga wengi," alisema, "na kila mmoja nilimwambia hivi: ukikosea, niambie kabla sijamgusa mgonjwa. Kosa nikilijua, nina la kufanya. Nisipolijua, natibu ugonjwa ambao haupo." Akamshika Spana bega. "Boya kupasuka halikuwa jambo kubwa, mjukuu wangu. Kilichowatesa wenzako siku mbili ni kile ulichokifunika. Lakini ulipoona baba yako anaumia, ulisema, tena mwenyewe. Hata Mjomba wako amejifunza kwako, na umri wote huo."

Mjomba alitazama viatu vyake.

"Haya," Bibi alisema huku akifungua mlango. "Kabla hatujaondoka, kuna mwingine mwenye la kusema?"

Walitazamana. Hakuna aliyekuwa na neno. Wakapanda, Baba akawasha injini, wakampeleka Bibi nyumbani.