Swali la Baba Okito

Jumamosi ile, baada ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji, mtu asiyejulikana alisimama mlangoni mwa chumba cha foni, koti lake la abakosti, la kijivu, limejaa vumbi la treni. Hakuna aliyemwona. Ndani, Zawadi alikuwa ameketi mbele ya mtambo, na wenzake wamemzunguka wakisubiri kucheka.

Baba yake, Waziri, ndiye aliyetunza foni hiyo ya misheni, redio ya kusemeshana iliyopeleka sauti kutoka Kindu hadi Kalima, Pangi na Kibombo. Siku za kazi ilisema habari za dawa na magunia. Lakini Jumamosi, saa tisa, mapadri waliwaachia wapenzi wa redio: watu waliojiundia redio zao kwa nyaya na makopo, kwa sababu tu waliipenda kazi hiyo. Waliulizana, wakafundishana. Zawadi, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amefunzwa na baba yake tangu utotoni, na alijua kuliko wote. Ubaya ni kwamba alijijua hivyo.

"Kibombo hapa," sauti ilikwaruza. "Njo mimi, Okito, mulimaji wa muchele. Redio yangu iko na ajabu. Nikiishika kwa mukono, inaimba vizuri. Nikiiachilia, inanyamaza. Nifanye nini, mwalimu? Nakuachia."

Zawadi akabonyeza kitufe. "Basi ishike mpaka ufe! Au uioe kabisa, mzee!"

Watoto wakaangua kicheko. Mwanvua, rafiki yake, alishika mbavu. "Ongeza, Zawadi, ongeza!"

"Rudi shambani! Redio si mpunga, haipandwi kwenye matope. Kopo lako la maziwa linakucheka hata lenyewe!"

Kwenye foni, anayebonyeza kitufe hasikii kitu. Ni mpaka akiachilie ndipo mwenzake anapoweza kusema. Zawadi hakukiachilia. Alikejeli mpaka akaridhika, na alipoinua kidole, Kibombo kulikuwa kimya.

"Lile lilikuwa swali zuri sana," mgeni akasema.

Wote waligeuka. Akajitambulisha: Musafiri, fundi wa redio kutoka Lubumbashi, aliyeletwa kutengeneza mtambo mkubwa wa uwanja wa ndege. Zawadi aliruka kumpa kiti.

"Sitwayen," akamwita kwa heshima, "usimjali yule. Wajinga kama yeye tunao kila juma."

"Kwa nini redio yake inaimba akiishika?"

"Haina waya wa ardhini," Zawadi akajibu upesi. "Mwili wake unafanya kazi ya waya huo. Azike chuma kwenye udongo wenye maji, akiunge na redio. Basi."

"Kumbe ulijua."

"Najua, ndiyo!"

"Ulijua, ukamnyima." Musafiri hakuketi. "Mimi nalipwa kwa kazi hii. Baba yule amelima juma zima, kisha akainamia makopo yake kwa kupenda tu. Ameona kitu, kimemshangaza, ameuliza. Mafundi wote tulianza hivyo. Unadhani kumcheka kumekufanya fundi? Kumekufanya kelele. Na kelele, binti, kazini kwetu tunazizima."

Mwanvua alianza kuchunguza sakafu. Zawadi, uso ukimwaka, aliita Kibombo. Aliyejibu alikuwa mwangalizi wa ghala la mchele ilipowekwa foni ya kule.

"Okito amesha kwenda. Anasema atangoa nyaya yote, kopo apatie muke wake. Amepata haya sana. Mutoto mudogo, kumutukana mbele ya batu!"

"Tafadhali, mwambie asing'oe!" Zawadi alisema. "Jumamosi ijayo, saa tisa, nitamwomba radhi na kumweleza. Mimi mwenyewe. Naahidi."

Juma zima Musafiri alifanya kazi uwanjani. Jumamosi, saa tisa ikikaribia, gari la jipu lilisimama nje.

"Mtambo umepona!" aliita. "Zawadi, panda ukauone. Ni mkubwa kuliko chumba hiki. Askari wa uwanja wataufungia sasa hivi, na mimi kesho nasafiri."

Zawadi alikuwa ameuota mtambo ule tangu aliposhika waya wa kwanza. Miguu yake ilikwisha kufika mlangoni.

"Nenda, mwanangu," Waziri akasema. "Nitamjibu mimi."

Zawadi alitazama jipu, akatazama kiti. "Si wewe uliyemtukana, baba," akasema, akarudi kuketi.

Musafiri hakumbembeleza. Aliingia, akamwekea mkono begani. "Anayekujia na swali amekuheshimu. Mrudishie heshima yake. Mengine ya redio utajifunza polepole."

Jipu likaondoka, na mngurumo wake ukapotea upande wa uwanja. Zawadi akafuta macho.

Kalima waliita. Pangi waliita. Kibombo, kimya. Alingoja mpaka sauti ya tahadhari ikasema, "Kibombo hapa."

"Baba Okito, nisamehe. Nilikukosea heshima, na swali lako lilikuwa zuri." Kisha akamweleza habari ya waya na chuma, taratibu, bila kuruka neno.

"Ngoja, redio niko nayo hapa, naenda kuzika chuma inje ya gala," Okito akasema. Dakika kadhaa baadaye, ndani ya foni, rumba ikaanza kulia.

"Mwalimu!" Okito alicheka. "Mukono moja iko kwa kitufe, ingine iko juu kabisa, na redio inaimba! Sasa niko na swali ingine. Lakini hii njo ya kijinga kweli."

"Uliza, baba," Zawadi akasema. "Nakusikiliza."