Siku Tatu za Pete ya Mkunga

Jumapili hiyo ufuo wa umma ulifurika watu hata mchanga usionekane rangi yake. Mikeka iligusana pindo kwa pindo, redio zilishindana, na katikati ya zogo hilo mwanamume mmoja alikuwa amepiga magoti akichimba kwa koleo dogo, visikizi masikioni, mashine yake ya kunusia madini imelala ubavuni. Hakujua kwamba nyuma yake amesimama karani wa vibali wa baraza la mji, yule ambaye wenzake ofisini walimwita Bi Kanuni, kwa kuwa alizijua kanuni za ufuo kama ajuavyo vidole vyake. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alivaa gauni la samawati lililomfika vifundoni, na mtandio mweupe uliogombana na upepo. Lakini kazi ilikuwa imemkaa mwilini, haikuvuliwa pamoja na sare.

Akamgusa bega kwa ncha ya mwavuli.

"Kibali chako, ndugu yangu."

Mwanamume akavua visikizi, akakung'uta mchanga magotini. "Sina. Kumbe hata mchanga una mwenyewe?"

"Una wenyewe, nao ni sisi sote. Ndiyo maana una kanuni."

Akamsomea zote bila kutazama popote. Hapekui mtu bila kibali. Shimo lisizidi kina cha mkono hadi kiwikoni, na lifukiwe papo hapo, maana mguu wa mtoto akimbiaye hauoni. Kamba ya manjano isivukwe, kwani nyuma yake kasa hutaga. Na kila kitu cha thamani kifikishwe dirishani kwake ndani ya siku tatu, vile vile kilivyookotwa, bila kuoshwa wala kusuguliwa.

Mwanamume alisikiliza hadi mwisho huku akifukia shimo lake kwa viganja, akilisawazisha kama anayetandika kitanda cha mgeni. "Na moyo je," akauliza, "ukiokotwa hapa, nao unapelekwa dirishani?"

"Unapelekwa. Ukikaa mwaka mzima bila mwenyewe kutokea, tunaupiga mnada."

Kesho yake asubuhi, kabla dirisha halijafunguliwa, alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Alikuwa fundi saa. Duka lake lilikuwa na ukubwa wa kabati, mkabala na posta, na saa zilizotundikwa ukutani kila moja ilishika wakati wake bila kuiheshimu jirani yake. Ufuoni alikwenda kupumzisha macho, maana huko kazi hufanywa na masikio. Naye akamfunza Bi Kanuni. Jumapili baada ya Jumapili walikwenda kwenye mchanga uliolowa, maji yakishakupwa, naye akamwonyesha jinsi ya kuyumbisha mashine polepole bila kuinua ncha yake mwishoni, na jinsi ya kuupuuza mlio mkubwa, ambao aghalabu ni kopo, na kuufuata ule mdogo wenye haya. Akamwambia kwamba siku njema kuliko zote ni ile inayofuata mawimbi makali, kwani bahari hukasirika ikafukua ilichoficha.

Lakini mwenda polepole kwa tabia ni mmoja, na mwenda polepole kwa kulazimishwa ni mwingine. Bi Kanuni hakuwa na tuo. Alibandika maji ya chai akayasahau, alianza kufuma akaacha, alifungua dirisha na papo hapo akalifunga. Shangazi yake aliyemlea alizoea kumwambia kwamba kivuli chake kitakuja kudai likizo. Simu ya fundi ikichelewa kidogo tu, basi alizunguka chumba mara saba.

"Ulikuwa wapi?" humuuliza.

"Ndani ya saa ya mwalimu mkuu, kipenzi. Nimetoka sasa hivi."

"Na simu?"

"Nayo ilikuwa nje ikinililia. Nisamehe, roho yangu."

Naye Bi Kanuni husamehe, lakini hakai.

Ndipo Alhamisi moja akaja dirishani mkunga mstaafu, mjane, mwanamke mwenye mikono mipana na kauli fupi. Alikuwa amepoteza pete ya ndoa ufuoni. Dhahabu nyembamba, yenye pengo ukingoni mfano wa jino lililong'oka, na ndani herufi mbili alizochora marehemu mumewe mwenyewe kwa sindano, moja imelala, nyingine imesimama. Bi Kanuni akazichora daftarini kama alivyoelezwa. Mkunga hakulia, alikuwa akisugua tu kidole kilicho kitupu, na hilo lilimuumiza karani kuliko machozi. Jioni ile alimsimulia fundi yote kwa simu, naye fundi akasema kesho alfajiri atakwenda kutafuta.

Jumamosi Bi Kanuni alipita dukani bila kumwarifu. Mlango ulikuwa wazi. Fundi ameinama juu ya meza, kioo cha kukuzia kimembana jichoni, na kati ya vidole vyake inazunguka pete nyembamba ya dhahabu, akiisugua kwa kitambaa. Pengo lilionekana ukingoni. Bi Kanuni akarudi nyuma hatua moja, kisha ya pili, hadi akajikuta ng'ambo ya barabara mbele ya posta.

Hakuuliza. Alingoja aambiwe. Jumapili alipopigiwa simu, alijaribu kuifanya sauti yake iwe nyepesi.

"Ulipata nini juzi, mpenzi?"

"Vizibo vya chupa, kipenzi. Na msumari mmoja mwenye kiburi."

"Basi?"

"Basi. Mbona sauti yako imesimama mlangoni, haiingii?"

"Imesimama tu."

Siku ya tatu ilikuwa Jumatatu, na dirisha hufungwa saa kumi alasiri. Tangu asubuhi Bi Kanuni hakukaa. Kila mlango ulipolia aligeuka, na kila alipogeuka alikuwa mtu mwingine. Alijiambia kwamba atakuja. Akajiambia kwamba aliyedanganya kwa vizibo atadanganya kwa dhahabu. Na hayo mawili yakakimbizana kifuani mwake kama paka na panya. Mwenzake wa dirisha la pili alimsihi atulie, siku haijaisha. Ilipogonga saa sita akachukua karatasi, akaandika kwamba kibali cha fundi kimefutwa kwa kuficha alichookota, akatia saini, akabandika ubaoni.

Saa tisa fundi akaingia, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikononi, kiboksi kidogo cha saa kiganjani, na tabasamu la mtu aliyeficha zawadi. Tabasamu lilimtoka mbele ya ubao. Alilisoma tangazo lote, akaja dirishani, akakifungua kiboksi.

"Trekta la kuchana mchanga liliikanyaga," akasema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa imebonyea kama ganda la yai. Nilitaka mwenyewe aipate ikiwa duara. Nilitaka na wewe uione hivyo."

"Uliniambia vizibo."

"Nilikuambia. Hilo ni kosa langu, nalikiri. Lakini kanuni yenu ilinipa mpaka saa kumi, Bi Kanuni. Wewe ulinipa mpaka adhuhuri."

Fundi hakuwa amewahi kumwita kwa jina hilo. Alipokea stakabadhi ya pete, akaikunja mara mbili, akaondoka. Jioni Bi Kanuni alimpigia simu, ikaita hata ikachoka.

Jumanne mkunga aliitwa. Aliishika pete, akaisogeza kwenye mwanga, akatazama ndani, na uso wake ukakunjamana. Ilikuwa duara kamili, iking'aa kama ya bibi harusi, na penye zile herufi mbili palibaki alama hafifu isiyosomeka.

"Nani kaisugua?"

Bi Kanuni akaeleza. Kanuni ilikuwa upande wake, fundi alikuwa na hatia iliyo wazi kama mchana, na bado hakuinua macho kumtazama mkunga.

"Kaona uchakavu ni ugonjwa," mkunga akasema. "Na wewe hukumuuliza, hukungoja. Mmefanana." Akairudisha pete juu ya kaunta. "Aziandike tena. Nawe uende na daftari lako, uhakikishe ile moja imelala. Mimi nakaa hapa kwenye benchi. Nimengojea watoto wa watu maisha yangu yote, kungoja najua."

Bi Kanuni aliichukua pete, akang'oa tangazo ubaoni, akavuka barabara hadi dukani na daftari kwapani. Fundi alimwona akiingia, hakuinuka.

"Nimekuja na kazi," akasema Bi Kanuni, "na nimekuja na lawama yangu mwenyewe. Kosa lako lilikuwa ndani ya pete, hapaoni mtu. Langu nililibandika ukutani, kila apitaye akalisoma. Nisamehe."

Fundi akalitazama tangazo lililochanika mkononi mwa Bi Kanuni. Akamweleza, neno baada ya neno, kwamba amezoea kurudisha vitu vikiwa vipya, kwamba hakuwahi kufikiri kuna mtu anayetaka kilichochakaa. Alizungumza hadi sauti ikamkauka. Kisha akaomba daftari.

Bi Kanuni akamshikia taa. Sindano ya chuma iligusa dhahabu, ikatetemeka, ikainuliwa.

"Mkono haunitii. Nina neno limenikaa."

"Liseme, mkono utulie."

"Nataka kuja kwenu na wazee wangu."

Bi Kanuni alihisi jibu likimpanda kooni mbio. Akalizuia, akaliacha lifike kwa miguu yake.

"Ijumaa baada ya alasiri shangazi atakuwapo."

"Nikichelewa?"

"Mpaka jua litue, bado ni Ijumaa," akasema, akavuta kiti karibu na meza, akakaa. "Nitangoja. Andika, hiyo ya kwanza imelala."